Si Kila Baka ni Ukoma



Muhula uliopita mtoto mmoja wa darasa langu alibaki peke yake kwenye benchi. Wenzake walikataa kukaa naye, ati mama yake ana ukoma. Baada ya masomo nikaenda nyumbani kwao. Mama akanikaribisha vizuri, akanieleza bila kuficha. Ana mabaka meupe kiunoni na mapajani, miaka mingi sasa. Alipaka dawa ya fangasi, wapi! Alipaka dawa ya ukurutu, yakafifia, halafu yakarudi. Mwishowe alipewa rufaa. Hospitalini walimkata kipande kidogo cha ngozi ili wakipime. Mara ya kwanza hawakuona kitu. Mara ya pili ndipo ugonjwa ukajulikana: limfoma ya ngozi, aina inayoitwa mikosisi fungoidesi.

Aliniuliza: "Mwalimu, huyu mutoto nitamwambukiza? Na kama hapana, ataurithi?"

Nikauliza wauguzi, nikasoma. Amekubali niandike, bila jina lake.

Ni ugonjwa gani?

Ni saratani, lakini haianzii kwenye ngozi yenyewe. Inaanzia kwa askari wa mwili, yaani seli za kinga zinazoitwa seli T, ambazo zinapita kwenye ngozi kutulinda. Mwaka 1806 daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert alimweleza mgonjwa wa namna hii, mwenye uvimbe uliofanana na uyoga. Jina la ugonjwa limetoka hapo. Lakini si fangasi, ni sura tu.

Daftari lililokosewa

Kila seli ina maagizo yake ndani, tunayaita jeni. Seli ikitaka kugawanyika, inanakili maagizo yote. Hapa kambini mnajua: vitabu ni vichache, mtoto ananakili kwenye daftari la mwenzake. Wa kwanza akikosea, anayenakili kwake anakosea vilevile, na pengine anaongeza kosa lake. Ndivyo ilivyo kwa seli T moja. Inakosea, watoto wake wanabeba kosa, makosa yanaongezeka.

Mwaka 2015 makundi kadhaa ya watafiti yalitoa matokeo ya kusoma jeni za saratani za aina hii. Waliona kwamba makosa si yaleyale kwa kila mgonjwa. Tena mara nyingi si herufi moja iliyokosewa, ni kama ukurasa mzima umechanika. Kuna jeni ambazo kazi yake ni breki, kuzuia seli isigawanyike ovyo. Mbili zinaitwa TP53 na CDKN2A. Breki hizi zinapopotea, seli zinakimbia. Upotevu huo unaonekana zaidi kwa wale ambao ugonjwa umeshasonga mbele.

Unavyoendelea

Kwanza ni mabaka bapa, mara nyingi sehemu zisizopata jua: kiunoni, matakoni, mapajani, kifuani kwa wanawake. Mara nyingi yanawasha. Kwetu wenye ngozi nyeusi yanaweza kuwa meupe, hata kwa watoto na vijana. Baadaye yanaweza kunyanyuka na kuwa magumu. Halafu kwa wengine unakuja uvimbe, na ugonjwa unaweza kufika kwenye tezi na damu. Lakini wagonjwa wengi wa hatua ya kwanza hawafiki huko. Wanaishi miaka mingi na kulea watoto wao. Kuna krimu, kuna matibabu ya mwanga maalumu, kuna mionzi na dawa nyingine. Ndiyo maana kuwahi ni bora.

Jibu la mama

Ugonjwa huu hauambukizi. Si kwa kikombe, si kwa kitanda, si kwa kunyonyesha. Na kwa kawaida haurithiwi, kwa sababu makosa yale yalitokea kwenye seli T za mtu mwenyewe akiwa ameshazaliwa. Hakumkosea mtu, wala hakulogwa.

Wazazi, msiogope kila baka. Mengi ni fangasi au ukurutu tu. Na hata ukoma wenyewe unapona, dawa zake ni za bure. Lakini baka lililokaa miezi na halisikii dawa, lipelekeni zahanati. Semeni lilianza lini na mmeshapaka nini. Msifiche kwa mkorogo, maana krimu kali zinaweza kufunika dalili na kumchanganya daktari. Mkiambiwa kipimo cha ngozi kirudiwe, kubalini.

Jumatatu niliwaeleza wanafunzi mambo haya kwa mfano wa daftari. Msichana mmoja akachukua mfuko wake, akarudi kwenye benchi lile. Wengine walisema wamekatazwa nyumbani.

Hapo, wazazi, mimi mwalimu siwezi peke yangu. Ninawaomba.