SI KILA HOMA NI MALARIA

Mvua zinapoanza kunyesha Mushasha, homa nazo huanza. Si Mushasha ya Gitega peke yake, bali hata kule Muyinga ambako jina hilohilo husikika, na kote katika nchi hii ya vilima, ambako mvua huacha madimbwi, madimbwi yakazaa mbu, na mbu wakajaza watu zahanati. Mtu akiamka na baridi mwilini, kichwa kikimgonga na viungo vikimuuma, jirani humwambia papo hapo kuwa ni malaria. Na mara nyingi jirani husema kweli. Mwezi wa Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza rasmi mlipuko wa malaria, na katika mwaka 2019 wagonjwa walioandikwa walizidi milioni 5 kabla ya mwaka kwisha.

Hayo ndiyo mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi tunapowaandikia askari wa jeshi na wa polisi. Raia anayeugua nyumbani kwake huwaambukiza watu wa nyumba moja. Askari hulala bwenini pamoja na wenzake kadhaa, hupokezana lindo, huazimana taulo na wembe, na pengine hulalia godoro ambalo mwenzake ameliacha muda mfupi uliopita. Polisi naye humkamata mtu asiyemjua kabisa, humpekua mwilini na kumtia mahabusu pamoja na wengine. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mahali kama hapo, nao umepewa jina la malaria, hupata siku nne au tano za kutembea bila kuulizwa na mtu.

Tarehe 25 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ndui ya nyani, ambayo siku hizi dunia nzima huiita mpox, imethibitishwa nchini. Wagonjwa wa kwanza walikuwa watatu tu. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa, na mwaka ulipokwisha Burundi ilikuwa na wagonjwa wapatao 3,000 waliothibitishwa, idadi iliyozidiwa na ya Kongo peke yake. Bujumbura ndiyo iliyoguswa zaidi, na Gitega haikusalimika. Waliofariki walikuwa wachache mno, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kutoka watatu hadi elfu tatu katika muda wa miezi mitano si jambo dogo.

Ili msomaji apate kuona jinsi homa inavyoweza kudanganya hata macho ya hospitali, yafaa tukumbuke kisa cha Ali Maow Maalin wa Merka, Somalia. Huyu alikuwa kijana mpishi wa hospitali. Mwezi wa Oktoba 1977 gari lilifika pale likiwa na watoto wawili wenye ndui, na dereva hakuijua njia ya kule alikotakiwa kuwapeleka. Maalin akapanda garini kumwelekeza. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kumi hivi baadaye akashikwa na homa. Hospitali ileile aliyoifanyia kazi ikamtibu malaria. Vipele vilipomtoka, ikasemwa kuwa ni tetekuwanga, naye akarudishwa nyumbani, ambako marafiki walimiminika kumjulia hali. Hatimaye mwisho wa mwezi ikatambulikana kuwa ni ndui. Watu wote waliokutana naye wakatafutwa mmoja mmoja, na maelfu wakachanjwa mjini. Alipona, wala hakumwambukiza mtu hata mmoja, naye akawa mgonjwa wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa njia ya kawaida. Mei 1980 ulimwengu ukatangaziwa kuwa ndui imetoweka. Ajabu ya maisha ni kwamba Maalin mwenyewe alifariki mwaka 2013 kwa malaria ya kweli, akiwa katika kampeni ya chanjo ya polio.

Kisa hicho kinatugusa kwa sababu nyingine pia. Chanjo ya ndui ilikuwa ikikinga kwa kiasi kikubwa na ndui ya nyani, kwa maana kirusi cha maradhi haya mawili ni cha ukoo mmoja. Ndui ilipotoweka, chanjo ikaachwa. Askari walio wengi leo wamezaliwa baada ya hapo, na hawana kinga ile waliyokuwa nayo baba zao.

Sasa, je, mtu atayatambuaje maradhi haya mapema? Tuseme wazi: katika siku ya kwanza na ya pili, kwa kutazama tu, hawezi. Malaria, mafua makali na ndui ya nyani zote huanza kwa homa, maumivu ya kichwa, ya mgongo na ya misuli, na uchovu usio na sababu. Mafua hujitangaza haraka kwa kamasi, chafya, koo kuwasha na kikohozi. Malaria huleta kutetemeka kwa baridi, kisha joto kali, kisha jasho jingi. Lakini wapo wagonjwa wa malaria wasiotetemeka hata kidogo, na kwa hiyo jibu halipatikani ila kwa tone la damu ya kidole. Kipimo cha haraka hutoa jibu kabla ya nusu saa kupita. Anayemeza dawa mseto bila kupimwa anajifungia macho mwenyewe, kwa kuwa homa ikishuka hatajua kama imeshushwa na dawa au imeshuka yenyewe.

Alama inayostahili kuangaliwa kuliko zote katika ndui ya nyani ni mitoki. Tezi za shingoni, za kwapani au za kinenani huvimba na kuuma, na malaria haina tabia hiyo, wala tetekuwanga kwa kawaida haina. Siku moja hadi tatu baada ya homa, na kwa wengine hata kabla yake, vipele hutokea. Huanza kama madoa, huinuka, hujaa maji, kisha usaha, na mwisho hufanya magamba. Vya tetekuwanga huwa vimechanganyika, hiki kibichi na kile kimekauka, tena hupenda zaidi kifua na mgongo. Vya ndui ya nyani katika sehemu moja ya mwili hukua pamoja kama askari wa kuruti moja. Ni vigumu, vimezama ndani ya ngozi, na mara nyingi hutokea katika viganja na nyayo. Lakini mlipuko wa karibuni umeonyesha jambo ambalo wengi huona haya kulisema: mara nyingi vipele vya kwanza hutokea sehemu za siri, kwa kuwa ugonjwa hupitia pia katika kujamiiana, na vinaweza kuwa viwili au vitatu tu. Askari akiona kidonda mahali hapo hukificha, akaenda kununua dawa ya kaswende kwa siri. Haya hiyo ndiyo iliyokisaidia kirusi.

Mahali ambapo mwili haujasema, safari husema. Tangu kuambukizwa hadi kuugua huweza kupita siku 3 hadi 21. Basi swali la kwanza la mganga wa kambi lisiwe tu "unaumwa wapi", bali "ulikuwa wapi, na nani, katika majuma matatu yaliyopita". Kwa walio Muyinga swali hilo ni zito zaidi. Kobero hutazamana na Kabanga ya Tanzania, na nyuma ya Kabanga ndio mkoa wa Kagera. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera, wakaugua watu 9 na kufa 6. Januari 2025 ulirudi, safari hii Biharamulo, na wagonjwa wote 10 waliohesabiwa walifariki. Katikati ya matukio hayo, Septemba 2024, ulizuka Rwanda, ukaua watu 15 kati ya 66, na wengi wa waliougua walikuwa watumishi wa afya. Marburg nayo huanza ghafla kwa homa na kichwa kikali, kama malaria. Kuhara na kutapika hufuata kama siku ya tatu, na damu huonekana baadaye, pengine isionekane kabisa. Anayengojea damu ndipo aamini, amechelewa.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Mwaka 2009, mjini Mogadishu, wanajeshi wa Umoja wa Afrika, waliokuwa Waganda na Warundi, walianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Wakaugua zaidi ya 200 na wanne wakafa. Ilidhaniwa ni maradhi ya kuambukiza. Uchunguzi ukaonyesha ni beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1 katika chakula chao cha kila siku. Kuwatenga kusingewaponya hata kidogo. Walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu upesi.

Kwa hiyo twaona mzigo mkubwa uko kwa mkubwa wa kikosi. Askari hufanya hesabu zake: nikijiandikisha mgonjwa nitakosa likizo, au jina langu litaondolewa katika orodha ya wanaokwenda misheni. Mkubwa anayemwita mtegaji kila aliyejiandikisha anawafundisha wengine kunyamaza. Mwenye homa na apimwe malaria siku hiyohiyo. Jibu likiwa hakuna malaria, au likiwa ipo lakini homa haikupungua baada ya siku mbili tatu za dawa, na alazwe peke yake, na shuka, taulo na vyombo vyake visiguswe na mwingine, huku vipele, kama vipo, vikichukuliwa sampuli kwa maabara. Hali kadhalika mahabusu: mwenye homa na vipele asirundikwe pamoja na wenzake hadi mganga amwone, na polisi aliyempekua aoshe mikono kwa sabuni, kisha ajiangalie kwa siku 21.

Mgonjwa wa ndui ya nyani hukaa kando majuma mawili hadi manne. Hahesabiwi kuwa amepona kwa sababu homa imeshuka au kwa sababu anajisikia na nguvu za kushika bunduki. Huhesabiwa hivyo magamba yote yanapokuwa yameanguka na ngozi mpya imefunga chini yake.