Makamu wa Rais Aliyeaga Cheo

Sogeeni hapa, wajukuu zangu. Mkipanga kukutana na mtu katikati ya Nairobi, kuna jibu moja mtalisikia: "Nikungojee Archives." Ni lile jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Tangu asubuhi watu wamejaa pale mbele. Huyu anatazama saa, yule anauliza kwenye simu, "Umefika wapi?", na muuza njugu anapita katikati yao. Wengi hawajawahi kuingia ndani. Leo tuingie, maana mle mna vitu vya mtu ninayempenda sana.

Jina lake Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, baba yake mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmaasai. Alipelekwa kusoma India angali mdogo, akarudi, akafanya kazi Somalia. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta, Murumbi alihangaika kuwatafutia waliokamatwa mawakili. Kisha akaishi uhamishoni London, akiupigania uhuru kwa kalamu na kwa mdomo.

Tulipopata uhuru alipanda haraka. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na Mei 1966 akawa Makamu wa Rais, akichukua nafasi ya Jaramogi Oginga Odinga. Fikirini gari, bendera, walinzi, na ukumbi mzima kusimama unapoingia. Mwaka huohuo wa 1966, kabla hata kiti hakijapata joto, akajiuzulu.

Msidhani aliamka siku moja akakitupa cheo kama ganda la muwa. Kwanza kulikuwa na kilio. Rafiki yake wa chanda na pete, Pio Gama Pinto, aliyepigania uhuru na kufungwa kwa ajili yake, aliuawa kwa risasi Februari 24, 1965, nje ya nyumba yake Westlands. Alikuwa ndani ya gari, na binti yake mdogo alikuwa naye. Wengi waliomjua Murumbi wanaamini kwamba kifo kile kilimvunja moyo wa siasa, na mimi naamini hivyo pia.

Lakini huzuni peke yake humkalisha mtu chini. Haimwambii aende wapi. Murumbi alikuwa na mahali pa kwenda, kwa kuwa kwa miaka mingi alikuwa akikusanya vitu: vitabu vikuukuu kuhusu Afrika, vinyago, vitambaa, na hata stempu. Msiidharau stempu. Chukueni moja ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni kikaratasi unachoweza kukifunika kwa vidole viwili, lakini juu yake kuna kichwa cha mfalme wa Uingereza, na kando yake jahazi limetweka tanga kwenye Ziwa Victoria. Ziwa ni letu, mfalme si wetu. Mtoto anayekitazama kikaratasi hicho vizuri ataanza kuuliza maswali, na Murumbi alikuwa mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo.

Alipoacha serikali alikuwa na miaka 55, umri ambao wengi hungoja kustaafu tu. Aliingia katika biashara ili apate riziki. Kisha mwaka 1972, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, ambaye naye alikuwa ameacha kazi ya serikali ya nchi yake, akaanzisha African Heritage hapa mjini, duka na ukumbi wa sanaa ya Afrika nzima. Shanga, vikapu na vinyago ambavyo watu walizoea kuviona kama vitu vya kuuzia watalii tu, pale viliwekwa kwa heshima, na mafundi wengi wakapata soko.

Sitawaficha kwamba njia hiyo nayo ilikuwa na miiba. Nyumba yake ya Muthaiga aliiuzia serikali akitumaini kwamba itakuwa mahali pa kusomea mambo ya Afrika. Ikabomolewa, naye yu hai. Huwa naumia nikifika hapo katika hadithi hii. Ila vitabu vyake vilibaki. Zaidi ya 8,000 vilichapishwa kabla ya mwaka 1900, na alikubali viende kwa serikali ya Kenya ili visitoke nchini. Ndivyo vilivyomo humu, nyuma ya wale wanaongojana. Vitu vyake vingine viko Nairobi Gallery, katika ile nyumba ya mawe ya mwaka 1913 pembeni mwa Uhuru Highway.

Sasa tupande matatu ya Limuru Road, tushukie City Park, kule Parklands. Ficheni ndizi zenu, kima wa pale wana mikono myepesi. Piteni chini ya miti mikubwa mpaka kwenye sanamu za mawe. Murumbi amelala hapo tangu 1990, na Sheila alizikwa kando yake miaka kumi baadaye. Angeweza kuzikwa kwingine, lakini aliomba alazwe karibu na rafiki yake. Kaburi la Pinto liko katika makaburi ya zamani mumo humo bustanini. Mkimaliza kusoma jina la mmoja, tembeeni kidogo mkalisome la mwenzake.