Tahadhari ya joto kwa wanaotembea ukingo wa Lyamba lya Mfipa

Wanaotoka Sumbawanga Mjini asubuhi kwenda kutembea Bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Milepa, aghalabu huondoka wamevaa makoti. Mji huo upo zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ilhali ziwa lipo takribani mita 800. Kati yake ni ukingo mkali wa Bonde la Ufa, uitwao Lyamba lya Mfipa.

Kwa kawaida, joto la hewa huongezeka takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kushuka. Kwa hiyo, baridi ya asubuhi uwandani si kipimo cha mchana wa bondeni, hususan Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Aidha, tofauti na safari ya kilele cha mlima, hapa mteremko hutangulia. Kazi ya kupanda huja mwishoni, jua likiwa kali, miguu imechoka na maji yamepungua.

Inashauriwa kulala bondeni na kuanza kupanda alfajiri, kwa mwendo wa aliye dhaifu zaidi katika kundi. Asiye na maji ya kwenda na kurudi asishuke.

Mwenye kizunguzungu au kichefuchefu apumzishwe kivulini na kupewe maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura: asinyweshwe kitu, bali amwagiwe maji mwilini, apepewe na awahishwe kituo cha afya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Wenzake wasimwache peke yake.