Je, Wajua? Visukuku huweza kudumu ndani ya miamba geu

Miamba geu hutokea miamba ya awali inapobanwa na kupashwa joto chini ya ardhi bila kuyeyuka. Joto likizidi, visukuku hupotea: mawe ya chokaa yaliyojaa makombe hugeuka marumaru, na fuwele mpya hufuta maumbo ya kale. Lakini sleti, inayotokana na matope yaliyobanwa kwa joto la chini zaidi, huweza kuvihifadhi.

Huko Delabole, kusini-magharibi mwa Uingereza, wachimbaji wa sleti hukuta maumbo yaliyotanuka kama mbawa za kipepeo. Hayo ni mabaki ya brakiopodi, wanyama wa baharini wenye makombe mawili, walioishi zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Mgandamizo wa ardhi ndio uliowapotosha umbo. Wanajiolojia hupima mabadiliko hayo ya umbo ili kujua mwamba ulibanwa kiasi gani na kutoka upande gani.

Katika sleti za Hunsrück, Ujerumani, madini ya pairaiti yamehifadhi viungo laini vya wanyama. Eksirei huonyesha hata miguu na vipapasio vya trilobaiti, wanyama wa kale wa baharini. Ukiokota kipande cha sleti, kikague vizuri kabla ya kukitupa.