Je, Wajua? Mashine ya CNC Ndani ya Lupango

Je, wajua kwamba kisu cha mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta, kile chembamba kama penseli, kimegandishwa kwa kobalti? Kisu hicho ni cha kabidi ya tangsteni, iliyo ngumu sana, lakini chembe zake peke yake hazishikani. Huchanganywa na unga wa kobalti, mara nyingi asilimia 6 hadi 12 ya uzito, kisha hupashwa moto hadi karibu nyuzi 1,400 mpaka kobalti iyeyuke na kuzishika chembe zote pamoja. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na karibu yote ni ya mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Malori yenye kobalti yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa yamebeba gundi ya visu vya maseremala wa dunia nzima.

Mchanganyiko huo ulipatikana Berlin, katika kampuni ya taa ya Osram, na Karl Schröter aliuombea hataza mwaka 1923. Miaka michache baadaye Krupp waliuuza kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Ndiyo maana fundi anayetoboa ukuta wa zege bado anaomba "mèche widia" dukani.

Shaba nayo imo. Ndani ya kila mota ya mashine hii kuna nyaya za shaba zilizosokotwa, na mji wetu wa Lubumbashi ulianza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Tanuri lilianza kuiyeyusha 1911.

Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninapomweleza mtu hapa mtaani Golf kwamba inawezekana kujiundia mashine ya CNC, jibu la kwanza ni kwamba hicho ni kitu cha Wachina, cha Ulaya, cha watu wenye viwanda. Si kweli. Chuma cha mabomba ya mraba kinauzwa mjini. Mafundi wa kuchomelea tunao, tena hodari, kwa sababu migodi imewafundisha kazi vizazi na vizazi. Kinachobaki cha kuagiza ni reli, mota, skrubu na kadi ya elektroniki, mzigo wa makatoni machache. Kinachokosekana zaidi ni mpango.

Wajua herufi hizo tatu, CNC, zina maana gani? Ni mashine inayoongozwa na kompyuta kwa namba. Kifaransa chetu husema "commande numérique". Wazo lilitoka kwa John Parsons wa Traverse City, Michigan, aliyekuwa akitengeneza mabawa ya helikopta. Umbo la bawa lilikuwa gumu kuchorwa kwa mkono, basi akakokotoa pointi zake kwa mashine za kadi zenye matundu, na fundi akafuata pointi hizo moja baada ya nyingine. Jeshi la anga la Marekani likagharimia utafiti, na mwaka 1952 maabara ya chuo cha MIT ikaonyesha mashine ya kwanza iliyojiendesha kwa kusoma tepe ya matundu.

Mimi tepe ile hunikumbusha lukasa. Waluba, kaskazini mwa Katanga yetu, walikuwa na ubao wa kushika mkononi, uliopambwa kwa shanga na michoro, na wataalamu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole: shanga hii ni mfalme, ile ni safari, mstari huu ni njia. Ubao wa mti uliotunza maelezo yaliyopangwa, ukisubiri msomaji aliyefunzwa. Kijana wa hapa asidhani kwamba kuweka maarifa katika alama ni jambo geni huku kwao.

Lugha ya mashine yenyewe ni fupi kuliko unavyodhani. G0 ni "nenda haraka bila kukata". G1 ni "nenda ukikata". G2 na G3 ni mikunjo, mmoja kufuata saa na mwingine kinyume. M3 huwasha kisu, M5 hukizima. Ukiandika G1 X100 F1500 umesema: nenda mpaka milimita 100 upande wa X, kwa mwendo wa milimita 1,500 kwa dakika. Mwanafunzi wa sekondari hujifunza sehemu kubwa ya kazi hii kwa wiki moja.

Na programu inayoisoma lugha hiyo? Ya bure ipo. Grbl ilianzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwe mwaka 2009, na inakaa ndani ya kadi ndogo ya Arduino Uno, kadi yenye asili ya mji wa Ivrea, Italia. Ina uwezo wa kutuma mapigo 30,000 kwa sekunde. Tufanye hesabu. Mota ya hatua ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukizigawa kila moja mara 8 unapata mapigo 1,600. Skrubu ya gololi ya kawaida husogea milimita 5 kwa mzunguko. Basi milimita moja ni mapigo 320, na mwendo wa juu kabisa ni kama milimita 5,600 kwa dakika. Kwa seremala wa lupango, yaani wa uani kwake, hiyo inatosha na kubaki.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo nimeliona likirudiwa: watu huanza kwa kununua mota. Mota ni jambo la mwisho. La kwanza ni ubao utakaolala juu ya meza. Bamba la tripleksi lina milimita 1,220 kwa 2,440, yaani futi 4 kwa 8. Ukitaka kulikata zima, meza yako ni kubwa kuliko kitanda cha watu wawili, na skrubu ndefu haitakufaa: mwendo unaoifanya skrubu ipigepige kama kamba hushuka kwa mraba wa urefu, kwa hiyo skrubu iliyorefushwa mara mbili huanza kutetemeka kwenye robo ya mwendo. Kwa urefu huo watu hutumia reli ya meno na gia. Lakini jiulize: je, unatengeneza makabati, au milango, viti, mabango ya maduka na vyombo vya jikoni? Nimefanya hesabu ya kazi zinazoombwa kwangu, na meza ya milimita 1,000 kwa 1,000 ingezitosha nyingi. Upande mmoja ukiachwa wazi, ubao mrefu hupitishwa kwa awamu.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashine za kujiundia hufa. Daraja, yaani boriti inayobeba kisu juu ya meza, ndilo linaloamua kila kitu. Ukirefusha boriti mara mbili, chini ya mzigo uleule itapinda mara nane. Lakini habari njema ipo upande wa pili. Chukua bomba la mraba la milimita 40 lenye unene wa milimita 4, kisha lilinganishe na la milimita 80 lenye unene uleule. La pili lina uzito wa kama mara mbili tu, lakini hupinda mara tisa pungufu. Kwa hiyo pesa ya ziada usiipeleke kwenye mota yenye nguvu. Ipeleke kwenye bomba pana. Alumini inayosifiwa sana kwenye mashine za kuagiza ina ukakamavu wa kama theluthi moja ya chuma, na sisi chuma tunacho, na anayekichomelea yuko mtaa wa pili.

Kuchomelea kunapinda chuma, hilo kila fundi analijua. Dawa yake ni kushika kila kona kwa vipande vidogo kwanza, kuacha kipoe, kupima, ndipo kumalizia. Kupima pembe hakuhitaji chombo cha gharama: weka alama ya milimita 900 upande mmoja, 1,200 upande wa pili, na mshazari lazima uwe 1,500 kamili. Ukikosa, usiendelee.

Wajua kwa nini mota ya kisu hufika mizunguko 24,000 kwa dakika ilhali umeme wetu ni wa hezi 50? Kisanduku kinachoiendesha huuchukua umeme wa volti 220 na kuubadili kuwa wa hezi 400. Zidisha kwa sekunde 60. Kasi hiyo si sifa ya kujivunia tu. Kisu chenye makali mawili kikizunguka mara 18,000, na kila kali likichukua unyoya wa sehemu moja ya kumi ya milimita, mashine lazima isogee milimita 3,600 kwa dakika. Ukiiendesha polepole kwa kuogopa, kisu hakikati tena, kinasugua, na mti unaungua. Harufu ya moshi ni dalili kwamba unakwenda taratibu mno, au makali yamekwisha.

Umeme. Nani wa Golf Plateau au Golf Météo asiyejua delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu? Waya mkubwa wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi una urefu wa kilomita 1,700, umefanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado tunakaa gizani. Kwa mashine hii, kukatika kwa umeme kuna hatari ya pekee. Mota ya hatua haina macho. Haijui iko wapi, inahesabu tu mapigo iliyopewa. Sasa fikiria: umeme umekatika, mota zimelala, lakini kompyuta yako ya mapajani ina betri, na kadi inapata nguvu kutoka kwake kupitia waya wa USB. Kadi inaendelea kuhesabu mapigo ambayo hakuna mota iliyoyatii. Umeme unarudi, mashine inaamka ikiamini iko mahali ambapo haipo, na kisu kinaingia katikati ya mlango wa mteja. Niliona mlango wa siku nne za kazi ukiharibika hivyo kwa chini ya dakika moja, na mwenye mashine akakaa chini bila kusema neno.

Dawa ni tatu. Weka swichi za mwisho ili mashine iweze "kurudi nyumbani" na kuanza upya kutoka sehemu ileile. Toboa matundu mawili ya vigingi kwenye ubao wa kafara, ule wa chini unaokubali kukwaruzwa, ili kipande kirudi mahali pake bila kubahatisha. Na fanya wayaringi ili umeme wa mota ukikatika, kadi nayo isimame. Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wenyewe. Kisiwe cha kuiomba programu isimame.

Ukitegemea jenereta, kumbuka tuko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Jenereta iliyoandikwa kilovolti-ampea 5 hapa hukupa kama 4.3.

Kiangazi kina mambo yake. Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi mwezi wa kumi, ardhi hukauka, na fimbo ya ethi iliyofanya kazi vizuri Februari huwa haishiki tena. Ifukie kwa kina, uimwagilie maji. Mbao nazo hupungua: ubao wa upana wa milimita 300 ukipoteza asilimia nne ya unyevu unaweza kusinyaa milimita tatu kwa upana, huku urefu ukibaki karibu uleule. Mashine inayokata kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita haiwezi kukusaidia ikiwa umeilisha mbao mbichi.

Mti wa mukula tunaujua sote. Jina lake la kisayansi, Pterocarpus tinctorius, linataja rangi, kwa sababu mbao zake nyekundu hutia nguo rangi. Tangu 2019 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, baada ya misitu ya pande zote mbili za mpaka wa Zambia kukatwa bila huruma. Miti ya miombo hukua polepole. Nikiupata ubao halali wa mukula, sitaki hata kipande kipotee, na hapa kompyuta inashinda jicho: hupanga vipande kumi na viwili kwenye ubao mmoja, mimi ningepanga tisa. Kwa majaribio tumia msonobari wa mashamba ya Copperbelt, Zambia.

Vumbi si uchafu wa kufagia tu. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995. Kifyonza-vumbi na barakoa viwe kwenye bajeti kabla ya mota. Na ukuta wa lupango hauzuii kelele: ongea na majirani, panga saa.

Je, kuna waliotangulia? Nairobi, kampuni ya AB3D iliunda printa za 3D kwa kutumia sehemu za takataka za elektroniki. Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay aliweka roboti za kuongoza magari barabarani mwaka 2013. Mota za printa kuukuu zinafaa kujifunzia, lakini kwa mukula hazitoshi.

Siku mashine itakapokamilika, usifunge kisu. Funga kalamu ya risasi. Tandaza karatasi juu ya ubao wa kafara, iamuru ichore duara la milimita 400, kisha lipime kwa upana na kwa urefu. Likiwa 400 huku na 398 kule, hesabu ya mapigo ya upande mmoja imekosewa. Ncha mbili za mstari zisipokutana, kuna skrubu imelegea mahali. Kaza, futa, chora tena. Yangu bado ni michoro na mabomba mawili yaliyoegemea ukuta, lakini karatasi ya duara hilo nimeshainunua.