Mimea ya Majini: Daftari la Uchafu Katika Vinamasi vya Mijini

Kila mwanaushirika ameusikia msemo usemao kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo wafaa pia kwa maji. Vyama vilivyo karibu na miji vina wanachama wanaolima mboga na magimbi, wanaovua samaki na wanaokata mafunjo katika vinamasi vipokeavyo maji machafu ya mji. Maji hayo ni mali yao, na daftari lake ni mimea iotayo humo humo.

Mtu achotaye chupa ya maji na kuipeleka maabara hupata habari za saa ile tu. Uchafu uliomwagwa usiku yawezekana umekwisha pita kabla hakujapambazuka. Mmea, kinyume chake, hubaki pale pale. Kwa majuma na miezi mizizi yake hufyonza kidogo kidogo madini kama vile risasi, kadimi, kromi na zinki, na kuyaweka.

Daftari hilo lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza husomwa kwa macho. Magugu maji yakitanda ghafla na kufunika maji, aghalabu hiyo ni dalili ya wingi wa naitrojeni na fosforasi, zitokazo katika vyoo, mbolea na maji ya kufulia. Ukurasa wa pili husomwa maabara tu, nao ni kiasi cha madini kilichomo ndani ya mmea. Hapa ndipo wengi hukosea. Mmea waweza kuwa wa kijani kibichi na wenye afya, ilhali mizizi yake imejaa risasi. Kustawi kwake si ushahidi wa usafi.

Mfano ulio wazi ni kinamasi cha Nakivubo mjini Kampala. Mfereji mkuu wa mji huingiza humo maji ya mvua pamoja na maji machafu, kisha maji hayo huingia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, huchotwa maji yanayosafishwa kwa matumizi ya mji. Mafunjo husaidia kuchuja uchafu kabla haujafika ziwani. Lakini sehemu kubwa ya mafunjo imefyekwa ili kupanda magimbi. Mkulima amepata chakula, ila chujio limepungua, na zao lake limesimama katika tope lile lile lipokealo uchafu.

Chama kitakacho kupima kinamasi chake hakina budi kufuata taratibu hizi:

1. Kuchagua aina moja ya mmea ulioshika tope, kama mafunjo au matete. Magugu maji huchukuliwa na upepo, hivyo hayathibitishi uchafu umeingilia wapi.

2. Kuchukua mimea kadhaa ya kimo kimoja juu ya mfereji uingizao uchafu, chini yake, na mahali safi pa kulinganishia.

3. Kuosha tope, kutenga mizizi na majani, na kuandika mahali na tarehe. Kwa kawaida mizizi huwa na madini mengi kuliko majani.

4. Kupeleka vyote katika maabara inayotambuliwa na serikali, na kurudia majira ya masika na ya kiangazi.

Mboga ziuzwazo nazo zapasa kupimwa zenyewe. Kikomo cha kimataifa cha risasi katika mboga za majani ni miligramu 0.3 kwa kila kilo ya mboga mbichi. Yafaa kuuliza kama hesabu ya maabara ni ya mmea mbichi au mkavu, kwani mmea ukikauka maji hutoka lakini risasi hubaki, na hesabu huonekana kubwa zaidi. Kuchemsha hakuiangamizi risasi.

Mimea hiyo haionyeshi vijidudu vya kipindupindu wala haimtaji aliyemwaga uchafu. Kazi hiyo yataka vipimo vingine. Tena, magugu yaliyotolewa katika maji machafu yasilishwe ng'ombe wala kufanywa mboji kabla ya kupimwa, la sivyo sumu itahamia katika maziwa na mashamba.

Mkulima mmoja akilalamika peke yake, malalamiko yake huishia njiani. Chama kikifika mbele ya halmashauri na hesabu za misimu kadhaa mkononi, kina hoja. Kamati za vyama na zianze kuandika sasa.