Ukomavu wa Mkristo na Saa ya Ghadhabu

Tangu Krismasi ya mwaka 1897, Padre Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alipoanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko ya mto, na tangu Wabatisti wa Uingereza walipofungua kituo chao Yakusu katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya 19, imani ya Kikristo imepata umri wa kutosha hapa Kisangani, hata si ajabu kumkuta mwamini ambaye baba wa babu yake alikuwa amebatizwa. Lakini umri wa kanisa si umri wa mwamini. Mtu aweza kuzeeka katika viti vya mbele, akizijua tenzi zote kwa moyo na kushika daraja katika halmashauri ya parokia, naye akabaki mtoto mchanga siku jirani atakapomtukana.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, watu waliojaliwa karama kwa wingi, wenye unabii na kunena kwa lugha, akawaita wachanga. Na hoja yake haikuwa upungufu wa sala wala uhaba wa miujiza, bali wivu na fitina zilizokuwa baina yao. Neno hili yafaa lisikilizwe kwa makini katika mji kama wetu, ambamo vyumba vya maombi huongezeka kila mwaka na aghalabu muumini hupimwa kwa sauti yake, kwa ndoto zake au kwa sadaka yake. Siyadharau maombi ya usiku kucha, maana nimewaona wengi walioinuliwa nayo; nasema tu kwamba mtume hakuyafanya kuwa mizani. Naye mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 5, aeleza kwamba watu wazima ni wale ambao fahamu zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya, yaani ukomavu ni tabia iliyopatikana kwa mazoezi, wala si hali imshukiayo mtu kwa ghafula.

Kanisa la kale lililijua jambo hili. Kitabu kiitwacho Mapokeo ya Kitume chataja miaka mitatu ya mafunzo kabla ya ubatizo, na mwishoni wateule hawakuhojiwa juu ya mafundisho peke yake, bali wasimamizi wao waliulizwa kama watu hao wamewaheshimu wajane, wamewazuru wagonjwa na kutenda kila jema. Sisi tumehifadhi masomo, ila kuuliza huko tumekuacha kufifia.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunao katika provinsi yetu ya kikanisa, nao ni wa Mwenye Heri Anuarite Nengapeta. Alizaliwa Wamba mwaka 1939. Baba yake alimwacha mama yake kwa sababu alimzalia mabinti watupu, na huyo mtoto akakua akiufahamu udhia huo. Aliingia kwa Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959, akatumika sakristia, jikoni na darasani, kazi ambazo hazimpi mtu sifa, na humo ndimo, kwa dhana yangu, alimoshinda sehemu kubwa ya vita vyake. Waliomjua wamesimulia kwamba alikuwa mwepesi wa kuumia moyo, na mwenye hofu. Ndipo usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, katika mji wa Isiro, wakati wa uasi wa Wasimba, alipokataa kuwa mke wa mmoja wa makamanda, akapigwa mno na Kanali Olombe, mmoja wa waasi hao, naye akamwambia huyo aliyekuwa akimwua kwamba anamsamehe. Mtu hatungi neno la namna ile kwa dakika moja, katikati ya mapigo. Alikuwa amekwisha kulizoea kwa miaka, katika kusamehe maneno makali ya jikoni na upweke wa mama aliyeachwa. Na tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza kuwa Mwenye Heri, alimsamehe Olombe kwa jina la Kanisa zima.

Hapa hapana budi kuondoa dhana moja potofu, kwamba aliyesamehe hana tena haki ya kudai. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mizinga ikaangukia nyumba za raia, wakafa watu kwa mamia. Na tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Kuna waamini wenye dhamiri njema wanaouliza kama yule aliyekwisha kusamehe aweza kuandikisha jina lake ili apate fidia. Aweza, tena bila haya, kwa kuwa msamaha huacha kisasi wala hauachi haki. Kanisa lilimsamehe Olombe na bado linamwita Anuarite shahidi, maana yake linakiri kwamba damu ilimwagwa kwa dhuluma. Mkristo aliyekomaa ataidai haki yake, naye hatathubutu kuandikisha maiti asiyekuwa wake.

Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi baina ya makabila ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya Lubunga, umewafukuza watu wengi makwao, na katika pande zote mbili wamo waliopokea Ekaristi kwenye altare moja. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa makatekista wenzangu: kila mwombaji wa kipaimara aulizwe, mbali na sala na amri, ni nani asiyesalimiana naye, na kwa sababu gani. Kama jina lipo, kipaimara kingoje hata wawili hao wameketi pamoja mbele ya wazee wa jumuiya, ijapokuwa Askofu amekwisha kuitaja siku.